Fataki Kalambo? Mimi Simo

Jina langu ni la kumi na nne kwenye ile karatasi. Sikuliandika mimi. Liliandikwa kwa kalamu nyekundu pale kwa kinyozi, hapa Mwazye, siku ambayo nilikuwa shambani, na aliyeliandika aliona ananifanyia hisani. "Mwandishi naye yumo," alisema, watu wakacheka. Sasa kwa kuwa nilitiwa ndani bila kuulizwa, naomba nitoke hadharani. Vijana wenzangu, mimi simo.

Kwa ninyi wa Dar na Mwanza ambao hamjui naongea nini, habari yenyewe ni hii. Vijana wa huku kwetu Ufipa, wa Sumbawanga mjini, wa Matai na sisi wa Mwazye, tumepanga safari ya mkesha wa mwaka mpya. Tunakwenda Maporomoko ya Kalambo. Na si kuyaona tu, hapana. Saa sita kamili ya usiku zitapigwa fataki palepale juu ya genge, ukingoni, maji yanapoliacha jabali na kwenda zao chini. Fataki zitatoka Tunduma. Gari ni Coaster moja, ikijaa Fuso itafuata nyuma. Spika zipo, jenereta lipo, vinywaji vipo. Kijana wa kiume atatoa shilingi 40,000. Msichana bure.

Hilo neno "bure" lishikeni, nitalirudia.

Wameshaniita majina. La kwanza mshamba, ambalo linanichekesha, maana wote tunalima na mwenyekiti wa kamati mwenyewe mikono yake ina sugu kuliko yangu. La pili bahili. Hilo nalikubali kidogo, kwa sababu hiyo 40,000 sina, na ningekuwa nayo ingekwenda kwenye mbolea. La tatu ndilo lililoniuma: kwamba nimesoma vitabu mpaka nikazeeka kabla ya wakati. Nina miaka 24. Nilimaliza kidato cha nne, nikachaji simu za watu kwa sola mpaka umeme ulipofika kijijini na biashara ikafa, sasa nalima mahindi na maharage na usiku naandika riwaya ambayo haijafika ukurasa wa 60. Hayo si maisha ya mzee. Hayo ni maisha ya nusu ya wanaosoma gazeti hili.

Lakini kabla sijawarukia wenzangu, nikiri jambo. Tangazo la safari nililitunga mimi. Mwenyekiti alikuja na soda mkononi, akaniambia, "Wewe si mtu wa maneno? Tupangie maneno." Nikapanga. Niliandika kwamba usiku huo Kalambo itang'aa kama Niagara. Nikaona nimemaliza kazi. Lilibandikwa kwa kinyozi, likapigwa picha, likazunguka kwenye simu mpaka Laela, na mimi nikatembea siku mbili nikiwa nimevimba kichwa. Basi makala haya yananihusu mimi kwanza.

Niagara nimeiona wapi? Kwenye simu. Dakika moja na nusu, maji yamepakwa rangi nyekundu na kijani kwa mataa makubwa, fataki zinapasuka angani, wazungu wanapiga vigelegele. Nikaikopa hivyohivyo, kama mtu anayeazima koti la harusi. Siku ya tatu ndipo nikaanza kusoma Niagara ni kitu gani, na hapo aibu ikaingia.

Niagara ipo mpakani mwa Marekani na Kanada, kama Kalambo ilivyo mpakani mwa Tanzania na Zambia. Mfanano unaishia hapo. Kwa urefu maji ya Niagara hayaanguki hata mita 60. Sifa yake ni upana na wingi wa maji, si kimo. Victoria, ambayo inasifiwa dunia nzima, ni mita 108. Kalambo yetu inaanguka zaidi ya mita 200, mruko mmoja tu, bila kugusa ngazi ya jiwe katikati, na baada ya hapo mto unakimbilia Ziwa Tanganyika. Zipindue Niagara tatu moja juu ya nyingine, bado utatafuta matofali ya kuongezea. Na mimi, mtoto wa Ufipa, nikaandika kwamba iliyo refu itang'aa kama iliyo fupi! Aliyenisahihisha hakuwepo. Ndiyo hasara ya kijiji kuwa na mwandishi mmoja.

La pili ndilo lililonimaliza kabisa. Mwaka 1950 Marekani na Kanada zilitia saini mkataba wa kugawana maji ya mto ule kwa ajili ya umeme. Mkataba unasema msimu wa watalii, saa za mchana mpaka jioni, maji kiasi fulani lazima yaachwe yaanguke ili watu waone. Usiku mnene, na msimu wote wa baridi, kiasi hicho kinaruhusiwa kushuka mpaka nusu. Yaani maporomoko yana bomba na bomba lina ratiba. Mimi siwalaumu, umeme ni umeme, nimeusubiri mwenyewe miaka. Lakini muone tunachokiiga. Pale mahali palishafanywa jukwaa zamani: mataa, kuta za kuzuia watu, hoteli, askari, magari ya wagonjwa. Fataki pale ni kama pilipili kwenye chakula kilichokwisha kuiva. Sisi tunataka kula pilipili tupu.

Hebu tuseme tumefika. Barabara ya lami kutoka Sumbawanga kupita Matai mpaka Kasanga ni nzuri, sina neno. Lakini Kalambo haiko kwenye lami. Unaiacha lami unaingia barabara ya udongo mpaka kijiji cha Kapozwa, na Desemba huku ni masika, udongo wetu mnaujua. Fuso itanasa, tutashuka tusukume, wasichana waliovaa viatu vya sherehe nao watasukuma. Haya, tumesukuma, tumefika saa tatu usiku. Giza. Hakuna taa hata moja. Mvua imenyesha au inanyesha, mto umejaa, mvuke unapanda kutoka chini na kulowesha mawe yote ya ukingoni. Jiwe lenye ukungu wa maji usiku ni sabuni. Watu hamsini wamekunywa. Saa sita inagonga, kila mtu anasukuma mbele apate picha ya simu, moshi wa baruti unatanda, mlio unarudi kutoka upande wa Zambia mara mbili mara tatu, na mbele yako kuna shimo la zaidi ya mita 200.

Nilimuuliza mwenyekiti swali moja tu mbele ya watu: saa sita na dakika kumi, nani atatuhesabu? Akasema, "Acha nuksi." Hilo ndilo jibu nililopewa, na sijapewa lingine mpaka leo.

Na tutakachokiona ni nini? Hapa naomba mnisikilize kama watu mnaopenda vitu vizuri, si kama watoto mnaotishwa. Fataki hizi za dukani haziruki mbali. Haziwezi kupanda juu hata nusu ya kimo ambacho maji yale yanashuka chini. Utakuwa umesimama mgongo ukiyapa maporomoko, macho juu, unatazama cheche ambazo ungeziona vilevile ukiwa uwanja wa mpira wa Sumbawanga. Maji hutayaona. Utayasikia tu, nayo mkishawasha spika hutayasikia. Hivyo tutakuwa tumesafiri mpaka kwenye maporomoko kwa kazi ya kuyafunika.

Halafu jamani, sisi! Sisi ndio wa kununua cheche? Mtanzania yeyote ukimtajia Sumbawanga anakuuliza radi bei gani. Jina la mji wenyewe wazee wanalifasiri kuwa ni kutupa uchawi, lakini huko nje wameshika upande wa uchawi tu, kutupa wamekusahau. Nikiwa kidato cha pili mgeni mmoja alikataa kukaa dawati moja nami mpaka alipohakikishiwa kwamba kwetu ni walokole na Wakatoliki. Basi watu wanaosingiziwa kuuza radi sokoni ndio wanaokwenda Tunduma na hela taslimu kununua miale ya dakika nane. Na hii Desemba ambapo juu ya uwanda huu wa Ufipa mawingu yanapigana kila alasiri, mwanga unatembea kutoka upande wa Ziwa Rukwa mpaka upande wa Tanganyika, ng'ombe wanasimama. Kamati haijawahi kutoza kiingilio kwa hilo.

Nataka pia niwe mkweli, kwa sababu nimeona baadhi ya wanaoniunga mkono wanaleta hoja mbovu. Mmoja aliniambia, waambie fataki zitaua ndege. Pale kwenye kuta za genge wanazalia korongo marabu, wale ndege wakubwa wenye vipara na mfuko shingoni. (Kiswahili kina utani wake: ndege anaitwa korongo, na bonde analokaa nalo ni korongo.) Lakini korongo hawa hutaga na kulea kiangazi. Desemba mwishoni makinda yao wengi wameshaota mabawa na kwenda. Mwenyekiti alilijibu hilo na alikuwa sahihi. Mwingine akaniambia, sema msitu utaungua. Msitu gani utaungua kwenye mvua ile? Sitaki kushinda kwa uongo. Ninachosema ni kwamba pale ni hifadhi, ipo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS, wapo walinzi na zipo taratibu, na kila mwisho wa mwaka polisi wanatangaza kwamba fataki bila kibali ni marufuku. Tena ni mpakani. Mlio wa baruti mpakani saa sita usiku, wenzetu wa ng'ambo watajuaje kwamba ni sherehe? Kibali hakuna. Nilikiulizia. Nikaambiwa "kitafuata".

Sasa nirudi kwenye bure.

Wenye umri wangu mnakumbuka tulipokuwa wadogo redioni kulikuwa na yule jamaa anaitwa Fataki. Ilikuwa kampeni, ilianza kama mwaka 2008. Mtu mzima, ana hela, anamfuatafuata binti wa shule, anamnunulia chipsi, anampa lifti, na kila akikaribia kufanikiwa watu wanamshtukia. Jina likashika nchi nzima. Mpaka leo mzee wa aina hiyo anaitwa fataki, na wingi wake mafataki, na hakuna anayehitaji kuelezwa. Nadhani aliyelichagua jina alijua: inawaka, inapendeza, inapasuka, na mkono wa mtoto unakuwa umeshaungua.

Kwenye karatasi ile wanaume ni 22, wasichana ni 19. Nani analipia nafasi za hao 19? Kamati inasema kuna "wadhamini". Wadhamini wenyewe ni watu wazima watatu wenye magari yao, watakaotangulia mbele. Sitawataja, na wala sisemi wamefanya kosa, maana hawajafanya. Nauliza tu hesabu. Mtu mzima mwenye mke nyumbani analipia nauli ya wasichana 19 waende naye porini usiku wa manane, kurudi asubuhi, anatafuta nini? Maporomoko? Mbona mchana hajawahi kwenda?

Jina la tisa kwenye orodha ya wasichana lilikuwa la binti wa shangazi yangu. Yupo kidato cha tatu. Nilimwita kando nikamuuliza, shangazi anajua? Akatazama chini. Akasema ameambiwa aseme anakwenda mkesha kanisani. "Kaka, na mimi nataka kuona," akaniambia. "Tangazo si umeliandika wewe?"

Hapo ndipo mguu uliponiishia nguvu. Nilirudi kwa kinyozi, nikachukua ile kalamu nyekundu, nikamkata. Nikabandua na tangazo langu. Ndio ugomvi wenyewe ulivyoanza. Vijana wanne walinifuata mpaka nyumbani, wakanikuta na mama tunapukuchua mahindi, na mmoja akaniambia mbele ya mama yangu mzazi kwamba nawaonea wivu. Mama akawauliza, "Mmeshakula, wanangu?" Wakaondoka. Mama hakuniuliza kitu mpaka leo, ila ugali wa usiku ule alinipa wa kwanza kabla ya wote.

Nawageukia sasa ninyi mnaoandika, maana gazeti hili ni lenu. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, na riwaya yake ya Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, akaianzishia kulekule kisiwani. Ilipigwa marufuku kwa muda kwa kusema mambo ambayo wakubwa waliona yasisemwe, mambo ya msichana na wanaume wenye uwezo, ambayo ndiyo hayahaya niliyoyaona kwenye karatasi ya kinyozi miaka zaidi ya hamsini baadaye. Mimi Ukerewe sijafika. Sijawahi hata kuliona Ziwa Victoria kwa macho. Lakini nikilala naweza kutembea kwenye kijiji kile. Tuambiane ukweli, nani katika ninyi mliopo Dar anaweza kufunga macho akatembea Kapozwa? Nani anajua sauti ya Kalambo asubuhi? Hakuna, na kosa ni langu. Nilipopewa nafasi ya kuandika sentensi moja juu ya Kalambo niliandika Niagara.

Tunafanya hivi wengi. Nimesoma hadithi za vijana wenzangu: theluji ipo, bahari ya jioni ipo, hoteli yenye lifti ipo, na mwandishi anatoka Nkasi. Tukiona kitu chetu hatukiamini mpaka tukipake rangi ya kwingine. Fataki pale Kalambo ni uandishi wa namna hiyohiyo, ila umefanywa kwa baruti.

Na nini tunakifunika? Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, kuna bonde ambalo Desmond Clark alianza kulichimba miaka ya 1950, akakuta zana za mawe za watu wa kale tabaka juu ya tabaka. Mwaka 2019 wakaja wachimbaji wengine, wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool, wakakuta magogo mawili. Gogo moja limelazwa juu ya lingine kimsalaba, na limechongwa pengo ili lishike lisiteleze. Walipotangaza mwaka 2023, walisema kazi hiyo ina miaka isiyopungua 476,000. Someni tena tarakimu. Watu wa namna yetu hii, binadamu wa leo, walikuwa bado hawajatokea. Mtu wa kabla ya watu alikaa kando ya mto Kalambo, akakata mti, akachonga pengo, akapima, akachonga tena mpaka ukakaa. Mbao ziliponea kwa sababu maji ya pale yalizifunika zisioze. Hakuna mahali pengine duniani palipopatikana magogo yaliyounganishwa hivyo ya umri huo. Zambia wameuweka mahali pale kwenye orodha yao ya awali ya urithi wa dunia huko UNESCO. Upande wetu, kijana ukimwambia Kalambo anauliza mtandao unashika?

Mimi yule fundi ananinyima usingizi. Sijui alikuwa anajenga nini, jukwaa la kukalia pasipo na tope, au njia, au kibanda. Wataalamu wenyewe wanakisia. Ila najua alisikia sauti ya maji yale wakati anachonga. Ukurasa wangu wa 60 haujafika kwa sababu yake, nimetupa sura mbili nzima nianze upya kwake.

Mtasema napinga tu, sina langu. Ninalo. Twende Juni. Mvua zimekata, barabara imekauka, mto bado una maji ya kutosha, korongo wameanza kurudi ukutani. Twende mchana. Tulale Kapozwa kwa wenyeji, tulipe chakula chao, tukawaombe wazee Walungu watuambie wanavyoliita genge lile na kwa nini. Asubuhi tuingie getini kwa halali, tulipe kiingilio, tushuke zile ngazi mpaka magoti yaseme. Baridi ya Juni ya huku mnaijua, kila mtu abebe sweta. Kila mtu abebe daftari pia, asiyeandika achore, asiyechora alale kwenye nyasi asikilize. Kila mmoja ajilipie, mvulana na msichana sawasawa, hata kama ni kwa debe la maharage. Bure hakuna. Gharama nimeipiga, ukiondoa fataki, jenereta na vinywaji, haifiki hata nusu ya ile 40,000.

Na mkesha wenyewe? Tukeshe nyumbani. Kanisa la misheni lina kengele kubwa kuliko spika ya kamati, ngoma zipo, na mwenye fataki zake azipige uwanjani kwa kibali, mbali na maji na mbali na watoto wa watu. Nitakuja kutazama. Sijasema fataki ni mbaya, nazipenda.

Nikiandika haya ni Novemba. Mhariri akichelewesha toleo kama kawaida yake, safari itakuwa imeshafanyika na mtakuwa mnajua mwisho wake kuliko mimi. Ikiwa wamerudi wote salama, watanicheka, nami nitafurahi kuchekwa.

Kwa kinyozi sasa zimebandikwa karatasi mbili. Ile yao imefika majina 44. Yangu ya Juni ina matatu. La kwanza ni langu, na safari hii nimeliandika mwenyewe. La pili ni la mwalimu mmoja wa shule ya msingi. La tatu ni la binti wa shangazi. Mwandiko ni wake, na chini yake kwa kalamu nyingine shangazi ameandika kwamba atakwenda, lakini naye shangazi anakuja.